Mto Tuupishe Njia

Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 ilikuta kinamasi, na juu ya kinamasi hicho ukajengwa mji. Wakoloni wakawapangia Waafrika upande wa mashariki, na mpaka leo sisi wa Eastlands ndio tunaokaa chini ya maji ya wengine. Mto Nairobi unaoanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, Mto Mathare na Mto Ngong, yote hutupitia sisi, kuanzia Gikomba na Mukuru hadi Dandora na Njiru, ndipo iingie Mto Athi na kushuka baharini.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Methali hiyo tuliikariri shuleni, kisha tukajenga katikati ya mkondo.

Aprili 2024 mkondo ulidai chake. Maji yaliingia Mathare na Mukuru, watu wakafa, jamaa zao wakabaki bila paa wala godoro. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mto wahame, na matingatinga yakafuata. Na haya yalitukia nchi ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye ukame wa misimu mitano ya mvua iliyokosekana, toka mwisho wa 2020 hadi 2022.

Ukame na mafuriko vina mzazi mmoja. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa hiyo huunyonya udongo kwa pupa, na ikimwaga, humwaga kwa pupa vilevile.

Hapo ndipo ilipo kazi ya kinamasi. Matete na mafunjo hupunguza kasi ya maji na kushika tope na uchafu. Ardhi yake hunywa mvua ya siku moja na kuitoa kidogo kidogo kwa majuma. Mabati, lami na saruji havinywi. Sisi tumemwaga kifusi mahali pa kunywea, tukaziba mitaro kwa taka, na sasa mvua ya saa mbili hufika mtoni yote kwa pamoja. Kiangazi kikija, mto hauna akiba: kinachobaki ni maji ya vyoo na ya viwanda, na hayo ndiyo yanayomwagilia sukuma wiki na nduma tunazowapikia watoto.

Wapo watakaosema kwamba hewa imeharibiwa na mataifa tajiri, mkazi wa Kayole afanye nini? Ni kweli, na mataifa hayo yana deni. Lakini si wao waliomwaga kifusi katika kinamasi chetu. Wengine watasema maskini hana pa kwenda. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana kumbomolea mtu bila kumpa makao ni kumhamishia kwenye ukingo mwingine. Wa kuulizwa kwanza ni aliyekata ploti ukingoni na aliyeiidhinisha.

Wala tusiseme haiwezekani. Pale Korogocho, vijana wa Komb Green waliutwaa ukingo uliokuwa jaa la taka wakaufanya bustani, watoto wakapata pa kuchezea. Walianza kwa majembe na nia.

Basi wenzangu, tufanye lililo mikononi mwetu. Mwenye ploti asijenge ukingoni, hata kama jirani amejenga. Anayetaka kupanda apande mianzi na miti ya asili, si mikaratusi inayokunywa maji yetu. Tuzibue mitaro kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, tusingoje mawingu. Tukienda baraza la chifu au kwa mwakilishi wadi, tuulize ni nani aliyeruhusu ujenzi kando ya mto. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuidai, hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara.

Mvua za masika zitarudi, na zitapita palepale zilipopita siku zote. Tuupishe mto njia yake sasa, kwa hiari yetu, kabla haujatuondoa wenyewe.