Mavi ya Punda Mbele ya Ghala ni ya Nani?



Tangu msimu wa alizeti uanze, mbele ya ghala letu hapapitiki. Mikokoteni inapanga foleni toka alfajiri kungoja mizani. Punda wanasimama hapo saa tatu, saa nne, na punda akishasimama hachagui mahali pa kujisaidia. Kisimani ni hivyo hivyo. Jioni mikokoteni inaondoka na pesa ya kubeba mizigo, mavi yanabaki. Asubuhi anayefagia ni mama aliyekuja na ndoo yake kutafuta maji, au watoto wa shule walioambiwa waje na mafagio. Halipwi mtu hapo hata senti moja. Yaani faida ya punda ni ya mwenye punda, lakini mavi yake ni ya kijiji. Sisi tunasema hapana.

Zamani hili lilikuwa jambo la kunung'unika tu. Sasa limefika ofisini kama kesi. Akina mama wa kikundi cha bustani walizoa samadi mbele ya ghala kwa wiki tatu, wakaikusanya kando ya uzio. Lundo lilipofikia la kutosha, akaja mwenye mkokoteni mmoja na chepe lake, akapakia yote akaondoka. Alipoulizwa akajibu, "Punda ni wangu na mavi ni yangu." Jamani! Wiki tatu yalipokuwa njiani watu wanayakanyaga hayakuwa na mwenyewe. Yalipozolewa na wanawake, yakapata mwenyewe siku hiyo hiyo.

Msimamo wetu ni huu. Mwenye mnyama ana wajibu wa kuzoa kinyesi cha mnyama wake mahali watu wanapokusanyika, na akizoa ni mali yake, apeleke shambani kwake, hakuna atakayemuuliza. Asipozoa, ameacha. Atakayeinama akazoa ndiye mwenye mali. Lile lundo lirudishwe kwa akina mama.

Wapo wanaosema kwamba tunakuza jambo dogo, kwamba babu zetu walilala na mbuzi ndani na hawakufa. Wengine walikufa, ndugu zetu, ila hapakuwa na mtu wa kuandika walikufa kwa nini. Chukueni pepopunda. Jina lenyewe limebeba punda, na wengine mpaka leo wanadhani ni pepo kweli na wanakimbilia kwa mganga. Si pepo. Ni vijidudu vinavyokaa katika udongo na katika matumbo ya wanyama kama farasi, punda na ng'ombe, hutoka na kinyesi, na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Vinangoja kidonda tu. Mtoto aliyekanyaga mwiba au msumari, au kitovu cha mtoto mchanga kilichopakwa uchafu, hapo ndipo vinapopita. Kinga yake ni chanjo, na akina mama wajawazito na watoto wanachomwa zahanati. Kuzoa mavi hakuwezi kuondoa vijidudu vyote katika ardhi ya kijiji, hatudanganyi watu. Lakini kwa nini tuviongeze pale pale ambapo watoto wanapita miguu peku kila siku?

Halafu wapo nzi. Nzi hupenda kinyesi kibichi, hutaga hapo mayai, na wakati wa joto yai linaweza kuwa nzi mzima kwa siku saba mpaka kumi hivi. Kwa hiyo mwenye kusema "nitazoa mwisho wa wiki" anawalea nzi mpaka wanakaribia kuruka. Na nzi huyo hakai ghalani, anakwenda kwa mama ntilie, anatua kwenye maandazi. Mvua nayo ikinyesha, kinyesi kilichozunguka kisima kinakwenda wapi kama si kwenye maji? Watu wakianza kuhara tunalaumu maembe.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Hawakungoja mfadhili. Basi ikiwa mtu tulimfundisha kwenda chooni, na punda hawezi kufundishwa, kazi ya punda inabaki kwa mwenye punda. Tumepata kusikia kwamba huko Vienna, nchi ya Austria, farasi wanaovuta magari ya watalii hufungiwa mfuko nyuma wa kupokea kinyesi. Hatusemi mwende mkamshonee punda suruali. Tunasema kiroba cha zamani na chepe viwepo kwenye kila mkokoteni, kama vile inavyokuwepo kamba.

Sasa tuseme na wenye mikokoteni, maana wana hoja na tumeisikia. Wanasema, "Bila sisi gunia lenu lingefika mizani kwa kichwa." Kweli kabisa. Wanasema pia kwamba foleni inakuwa ndefu kwa sababu karani anachelewa kufungua, na punda wanakaa pale bila sababu. Hilo nalo ni kweli, na ofisi ya ushirika ilisikie: ghala lifunguliwe saa 1 asubuhi kama ilivyopangwa, si saa 3. Lakini wanaposema "anayeendesha ni kijana wa kazi, mimi simo," hapo wanakwepa. Kijana analipwa kwa safari, akishuka kuzoa anapoteza foleni yake. Tajiri wake ndiye anayepaswa kumpa chombo na kumlipa muda wake. Ikifika siku ya faini, faini imfuate mwenye punda, isimkamate kijana.

Na mipaka iwepo. Hatutaki mtu alazimishwe kuzoa njia nzima kutoka shambani mpaka nyumbani, huo utakuwa wazimu, na mavi ya njia ya shamba hayana ubaya, jua na mende wanamaliza kazi. Tunasema juu ya kisima, mbele ya ghala, uwanja wa gulio siku ya gulio, na njia ya zahanati na shule. Basi. Bibi mwenye punda mmoja wa kubebea kuni, kama mgongo hauruhusu, majirani wa foleni wamsaidie.

Wafugaji wanaopitisha makundi ya ng'ombe tusiwaambie wazoe nyuma ya ng'ombe mia. Hao shida yao ni mbauti. Ile mbauti ya kunyweshea mifugo ilipasuka, ndiyo maana ng'ombe wanaletwa mpaka kwenye bomba la watu. Mbauti ikizibwa ufa, ng'ombe watabaki upande wao. Saruji ya kazi hiyo haizidi mifuko michache, na mchanga tunao mtoni.

Lipo jambo moja zito zaidi. Tumesikia kwamba katika gulio lililopita vijana wawili wa mikokoteni walidaiwa pesa "ya mavi" na mtu aliyevaa kofia ya mgambo, na hawakupewa risiti. Hii haikubaliki. Kijiji hakijapitisha sheria ndogo yoyote juu ya jambo hili. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya ya mwaka 1982, kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, lakini ina njia yake: Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, wananchi wanaijadili katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha inakwenda Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Mpaka hapo hakuna wa kutoza shilingi, awe mgambo, awe nani. Usafi usigeuzwe mradi wa mtu. Aliyetoa pesa hiyo afike kwa Afisa Mtendaji aandikishe, asiogope.

Kuhusu samadi yenyewe, wengi bado wanaiona takataka. Ng'ombe mmoja mkubwa anaweza kutoa kilo 15 mpaka 25 za kinyesi kwa siku, na punda hutoa kilo kadhaa. Mwaka 2022 bei ya mbolea ya viwandani ilipopanda mpaka serikali ikaleta ruzuku, ni wangapi kati yetu walikuwa na shimo la samadi nyumbani? Tuhesabiane kwa vidole. Mavi mabichi yasiwekwe kwenye mchicha, yanaunguza mizizi na si salama kwa mboga. Yawekwe shimoni, yachanganywe na majani makavu na majivu, yafunikwe kwa udongo, yageuzwe kila baada ya wiki chache, na baada ya miezi mitatu hivi hayanuki tena.

Shimo la kijiji litachimbwa nyuma ya ghala, mbali na kisima, Jumamosi hii kuanzia saa 12 asubuhi. Lina upana wa hatua nne kwa tatu. Kila mwenye mkokoteni alete jembe au sururu, na kijana wake aje naye. Kinyesi cha ng'ombe kikiwa kibichi hakizoleki kwa chepe, kimwagieni majivu au vumbi kwanza, ngojeni kidogo. Hoja ya sheria ndogo itasomwa katika Mkutano Mkuu ujao, na wenye punda wasemewe na wenye punda wenzao, wachague wawili kabla ya siku hiyo.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Gazeti la Ukutani