Mabaki ya Jaribio la Jana

Kijiji cha Kwihara, karibu na mji wa Tabora, chajulikana kwa lile tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, makambi yalirithiwa. Vibanda vilivyojengwa na msafara mmoja vilitumiwa na msafara uliofuata, pamoja na papasi waliojificha katika vumbi la sakafu. Mpagazi aliyeshikwa na homa ya papasi aliponzwa na mabaki ya watu ambao pengine hakupata kuwaona.

Jambo la namna hiyo huwapata vijana wanaojifunza kutunga programu za kompyuta. Tuseme mwanafunzi ametunga programu ya kutunza orodha ya darasa lenye watu 40, akaiandalia majaribio mawili madogo. La kwanza huhesabu majina na kutazamia 40. La pili huongeza jina la uongo katika faili na kuhakikisha kwamba limeingia. Asubuhi yote mawili yafaulu. Jioni akiyaendesha tena, la kwanza laanguka: majina ni 41! Programu haina kosa lolote. Jina la asubuhi halikufutwa. Asiyejua ataandika 41 mahali pa 40, na mara ya tatu atakuta 42. Wa kuhurumiwa zaidi ni yule atakayeanza kuitengeneza programu iliyo sahihi.

Walimu wa kemia wanaifahamu hasara hii. Neli iliyosuuzwa kwa maji ya bomba tu yaweza kubaki na kloridi. Likitiwa tone la naitreti ya fedha, weupe watokea, na mwanafunzi ataapa kwamba umetoka katika chumvi aliyopewa.

Wengi hudhani yatosha kuandika amri ya kufuta mwishoni mwa jaribio lenyewe. Sikubaliani nao. Jaribio likianguka katikati, mstari ule wa mwisho haufikiwi, na huo ndio wakati uchafu unapokuwa mwingi. Ndiyo sababu usafishaji hupewa mahali pake pa pekee. Katika JUnit, chombo ambacho Kent Beck na Erich Gamma walianza kukitunga mwaka 1997 wakiwa safarini katika ndege, mahali hapo paliitwa tearDown, yaani kubomoa. Lugha ya Python nayo ina jina hilo hilo. Amri zilizowekwa hapo hutekelezwa baada ya kila jaribio, lifaulu au lisifaulu.

Lakini hapa pana mtego ambao vitabu vya shule huupita haraka. Katika Python, matayarisho yenyewe yakishindwa, tearDown haiitwi kabisa. Aliyefungua faili kisha akashindwa kufungua hifadhi ya data huiacha faili wazi. Dawa yake ni addCleanup: mara tu kitu kinapofunguliwa, amri ya kukifunga huandikishwa papo hapo. Amri hizo hutekelezwa kinyumenyume, iliyoandikishwa mwisho ikitangulia, kama mizigo inavyoshushwa.

Wako wanaosema ni heri kusafisha kabla ya jaribio kuliko baada yake. Hoja yao ina uzito, hasa penye umeme wa kukatikakatika, kwa maana kompyuta ikizimika ghafla hakuna amri ya kusafisha itakayotekelezwa. Basi jaribio lianze katika folda mpya ya muda, na hata hivyo lifute lilichokiweka. Anayetegemea kusafisha kabla tu humwachia mwenziwe faili zake. Na katika shule ambako wanafunzi watano hutumia kompyuta moja, huyo mwenzi yupo nyuma yake akingoja zamu.

Mwalimu anayesahihisha kazi hizi na ayaendeshe majaribio mara mbili mfululizo, kisha abadili mpangilio wake na kuyaendesha tena, ndipo atoe alama.