NANI ATAMSHIKA MKONO MTOTO SIKU YA MAAFA?



Mara nyingi karatasi yetu hii imezungumza juu ya kura, daftari la wapiga kura na haki za wananchi wa visiwa hivi. Leo tunaomba radhi yenu tuyaweke hayo kando kwa siku moja. Si kwa kuwa yamekwisha, bali kwa kuwa liko jambo ambalo likifika halitamwuliza mtu kadi ya chama chake. Jambo hilo ni maafa, na wa kwanza kudhurika katika maafa ni watoto.

Hakuna katika sisi aliyeusahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011. Meli ya Spice Islander, iliyoruhusiwa kuchukua abiria 600 na mabaharia 45, iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi, ikazama katika bahari ya Nungwi. Maiti walioopolewa katika siku zile walihesabiwa kuwa 203. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake mwaka 2012, waliokufa pamoja na waliopotea wakawa zaidi ya 1,500. Hebu tuzitazame hesabu hizi mbili. Maana yake ni kwamba usiku ule hapakuwa na mtu aliyejua ni watu wangapi waliopanda meli ile, seuze kujua wangapi miongoni mwao walikuwa watoto, na ni watoto wa nani. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai, 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Safari hii hesabu ilikuwapo: watu wazima 250, watoto 31 na mabaharia 9. Watoto waliandikwa, lakini kuandikwa peke yake hakumwokoi mtoto.

Hatuyasemi haya kwa kutaka kulitonesha donda. Wala hatusemi kwamba Serikali haikufanya kitu. Iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Iko Sheria ya mwaka 2015 iliyoiweka Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na mpango wenyewe umekusudiwa ufike mpaka kamati ya shehia. Haya ni mambo mema na tunayakubali. Lakini sheria haimshiki mtoto mkono. Anayemshika mkono ni mtu, na mtu saa ya hofu hufanya lile alilofundishwa. Ikiwa alifundishwa vibaya atafanya vibaya, na ikiwa hakufundishwa atasimama akiwatazama wenziwe.

Sisi tumepata kuzitia mkononi baadhi ya karatasi za mafunzo wanazopewa watu wa kamati, tukazisoma tangu mwanzo hata mwisho. Tunasema bila ya uadui wowote kwamba zina kasoro tatu. Kwanza, mtoto hana mlango wake mwenyewe. Anatajwa katika mstari mmoja pamoja na wazee, wagonjwa, waja wazito na wenye ulemavu, wote wakiitwa "makundi maalumu", kama kwamba mtoto wa miezi mitatu na mtoto wa miaka kumi na mitatu wana haja moja. Pili, zinamwambia mtu akimbilie "mahali salama" bila ya kulitaja jina la mahali hapo wala njia ya kupafikia. Tatu, zinamtazama mtoto kama mzigo wa kubebwa, wala haziweki hata ukurasa mmoja wa kumfundisha yeye mwenyewe afanye nini ikiwa mkubwa hayupo.

Kasoro ile ya pili yaweza kuonekana ndogo. Iko nchi iliyoilipia kwa roho za watoto. Tarehe 11 Machi, 2011, Japani ilipigwa na tetemeko la ardhi, na baada yake wimbi kubwa la bahari. Katika skuli ya msingi ya Okawa, watoto walitolewa madarasani, wakapangwa uwanjani, wakakaa hapo karibu dakika 50 huku wakubwa wakishauriana waende wapi. Nyuma ya skuli palikuwa na kilima. Kitabu cha maagizo cha skuli kilisema tu kwamba likija wimbi watu waende kwenye uwanja mtupu au bustani ya karibu. Hakikusema uwanja upi wala bustani ipi. Wimbi likawakuta. Katika wanafunzi 108 wa skuli ile, 74 walipotea, na pamoja nao walimu na wafanyakazi 10. Wazee wa watoto wakaenda mahkamani. Mwaka 2018 mahkama ya rufaa ya Sendai ikahukumu kwamba wenye skuli na wakuu wa mji walikuwa na wajibu wa kukitengeneza kitabu kile kabla ya siku yenyewe, na mwaka 2019 Mahkama Kuu ya nchi ikaiacha hukumu hiyo isimame. Kwa hiyo, ndugu zetu, kutolitaja jina la mahali si kosa la uandishi tu.

Siku ile ile, katika nchi ile ile, mji wa Kamaishi ulipigwa na wimbi lile lile. Huko watoto walikuwa wamefundishwa kwa miaka kadhaa kwamba wasingoje amri, wasiiamini ramani peke yake, na wakimbilie juu kadiri wawezavyo. Wanafunzi wakubwa waliwashika mikono wadogo wa skuli ya jirani wakapanda nao. Walipofika pale walipozoea kufika wakati wa mazoezi, wakaona hapatoshi, wakapanda zaidi. Takriban watoto 3,000 waliokuwamo maskulini katika mji ule walisalimika. Tofauti baina ya Okawa na Kamaishi haikuwa fedha, maana nchi ni moja. Tofauti ilikuwa ni mafunzo.

Mtu atasema: hao ni matajiri, nasi si matajiri. Basi na tukitazame kisiwa kisicho na utajiri. Magharibi ya Sumatra, katika bahari yetu hii ya Hindi, kiko kisiwa cha Simeulue. Mwaka 1907 wimbi liliua watu wengi huko. Waliobaki hawakuandika kitabu. Walikitia kisa kile katika nyimbo na hadithi wanazosimuliwa watoto: ardhi ikitetemeka sana, na bahari ikakauka ghafula, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Disemba, 2004, lilipokuja wimbi lililoua zaidi ya watu 200,000 katika nchi za bahari ya Hindi, kisiwa kile chenye watu wapatao 78,000 kilipoteza watu 7 tu. Wimbi hilo hilo lilivuka bahari likaua watu hata katika pwani ya Tanzania. Sisi ni watu wa tenzi na nyimbo. Tunamfundisha mtoto sala, heshima na hesabu kwa kughani. Imekuwaje tushindwe kumfundisha kwa njia hiyo namna ya kuiokoa roho yake?

Wako wasemao kwamba mambo kama hayo si ya kwetu. Wao wameisahau tufani ya tarehe 15 Aprili, 1872, iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja. Na mwezi wa Mei 2024, tufani iliyoitwa Hidaya ilifika Mafia, na safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasimamishwa. Na tukiyaacha hayo makubwa, maji ya masika huingia majumbani mwetu, na bahari tunaivuka kila siku.

Basi tunataka nini? Tunataka karatasi moja kwa kila shehia, iliyotungwa na watu wa shehia hiyo, kwa Kiswahili tunachozungumza majumbani. Na karatasi hiyo iwe na mambo matano.

La kwanza, ijue watoto wako wapi. Asubuhi wako skuli, jioni wako chuoni, usiku wako nyumbani. Lakini wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, katika vijiji vya mwani mama wako pwani na wadogo wameachiwa dada wa miaka minane. Wakati wa dago baba hayupo. Msimu wa karafuu nyumba nyingine huhama nzima. Mpango unaodhani kwamba kila mtoto yuko karibu na wazee wake hauijui Pemba wala hauijui Unguja.

La pili, ipataje mahali kwa jina: msikiti gani, skuli gani, kwa njia ipi. Na kabla ya kuandikwa, njia hiyo ipitwe kwa miguu, mchana na usiku, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na apite mtu aliyebeba mtoto mgongoni.

La tatu, kila mtoto mdogo awekewe wakubwa wawili katika majirani, mbali na wazee wake, na mmoja wao awe si mtu wa baharini. Wajijue, na mtoto awajue. Mtoto asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kutembea aandikwe wa mwanzo.

La nne, mtoto asikabidhiwe mtu asiyejulikana, hata akija na maneno matamu na motokari nzuri. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Wamarekani 10 walikamatwa wakiwavusha mpaka watoto 33 bila ya ruhusa, wakisema ni mayatima. Ikabainika kwamba walio wengi wazee wao walikuwa hai. Kwa hiyo kila mahali pa kukimbilia pawe na daftari: mtoto kaja na nani, kachukuliwa na nani, saa ngapi, na sahihi ya mwenye kumchukua.

La tano, mtoto mwenyewe afundishwe. Ajue jina lake kamili, majina ya wazee wake, shehia yake na namba ya simu ya nyumbani. Ajue kuomba jaketi la kuelea la kipimo chake kabla boti haijang'oa nanga. Na mazoezi yafanywe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, skuli na chuoni pia, watoto wakubwa wakiwaongoza wadogo.

Sasa tuseme lile lililo zito. Tunajua kwamba wengi wenu, mkisikia kamati ya shehia, mtakunja uso. Mtasema: Sheha hatukumchagua, ameteuliwa, tumekwenda mlangoni kwake kwa haki zetu tukarudishwa, leo tukakae naye baraza moja? Machungu hayo tunayajua, nasi hatuyafuti kwa maneno ya karatasi. Lakini fikirini yatakayotokea tukijitenga. Orodha ya watoto itaandikwa bila ya sisi, na nyumba zitakazorukwa zitakuwa nyumba zetu. Mtoto wa miaka mitano hana habari ya kwamba babake alisusa kamati.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Tuingie. Tukikataliwa, tuombe kukataliwa huko kwa maandishi, kisha tuiandike orodha wenyewe barazani kwetu na kumpelekea Sheha mbele ya mashahidi. Na tuwe waadilifu kuliko wale tunaowalaumu: katika orodha tutakayoiandika sisi, mtoto wa jirani wa chama kinachotawala aandikwe kama wetu, kwa wino ule ule, wala pasiwe na mstari wa kuuliza chama. Atakayetia siasa katika orodha ya watoto, awe wa upande wao au awe wa upande wetu, tutamtaja kwa kosa hilo bila ya kumwonea haya.

Kwa Serikali tuna maombi matatu tu. Iamrishe kwamba kamati za shehia ziwe wazi kwa kila mkaazi, na ndani yake wawemo mama, mwalimu wa skuli na mwalimu wa chuo. Ikubali kwamba karatasi ya mafunzo itungwe shehiani na ikaguliwe mjini, badala ya kutungwa mjini na kugawiwa shehiani. Na ihakikishe kwamba hakuna chombo kinachoondoka bandarini pasipo kila mtoto kuandikwa jina na kuwekewa jaketi la kipimo chake. Hatudhani kwamba haya yanahitaji mkopo wa nje.

Karatasi hii mnayoisoma tumeipiga chapa wenyewe, kwa wino mchache na mikono ya watu wachache, na imefika mikononi mwenu. Ikiwa tunaweza kuzipiga chapa hotuba zetu, tunaweza kuipiga chapa karatasi ya shehia. Kila tawi na lichague watu watano, wawili wao wawe wanawake, waanze wiki hii kwa kuhesabu watoto wa mtaa wao na kuipita njia kwa miguu. Tutafurahi kuzipokea orodha za matawi kabla ya masika kuingia, na tutayataja hapa matawi yaliyotangulia.

Mwenyezi Mungu atukinge na yale tusiyoyaweza, na atuwafikishe katika haya tuyawezayo.