Uhuru Bila Mhariri

Kila mkusanyiko wa katuni za wachoraji huru unapopwaya, tunaambiwa hiyo ndiyo gharama ya uhuru. Nakataa. Jarida la RAW, lililoanzishwa New York mwaka 1980 na Art Spiegelman na Françoise Mouly, lilikuwa huru, lakini wahariri wake walichagua. Humo ndimo ilimochapishwa kwa mafungu sehemu kubwa ya Maus, iliyopata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Kupokea kila kazi kwa kuwa mchoraji ni mwenzetu si ukarimu. Ni kumnyima chipukizi ukweli utakaomkuza, na kumtoza msomaji kwa kurasa ambazo hakuna aliyethubutu kuzikataa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nasi tunaendelea kusifu.