Ubora wa Huduma katika Hospitali Zetu: Baada ya Wakaguzi Kuondoka

Katika kuta za hospitali na zahanati nyingi nchini Tanzania, zikiwemo za Kanisa, yamebandikwa maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Huo ni mfumo wa usimamizi wa ubora uliozaliwa katika viwanda vya Japani. Uliingia katika sekta yetu ya afya mwaka 2007, ukianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA. Mwaka 2015 Serikali ilianza pia kuvipima vituo vya afya ya msingi kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Katika tathmini ya kwanza, takribani theluthi moja ya vituo haikupata nyota hata moja.

Mfumo huu hudai mambo madogo: kuondoa visivyohitajika, kuweka kila kifaa mahali pake, kusafisha, kufuata utaratibu mmoja na kudumu nao. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua usiku wa manane hana muda wa kumsubiri mkunga apekue kabati lililovurugika. Kwake, mpangilio wa kabati ni uhai.

Ugumu uko katika neno la tano. Manne ya kwanza huweza kukamilishwa kwa juma moja la bidii. Kushikilia ni kazi ya miaka. Mganga mfawidhi akihamishwa, kamati ya ubora huacha kukutana, na madaftari hujazwa jioni ya kuamkia ukaguzi. Hapo kituo hupata nyota, naye mgonjwa hubaki alivyokuwa.

Isitoshe, moyo wa mfumo huu ni kaizen, yaani uboreshaji wa hatua kwa hatua unaofanywa na watumishi wenyewe. Unamhitaji mhudumu wa ngazi ya chini aweze kutaja kasoro bila woga. Katika taasisi zetu, heshima kwa viongozi isigeuzwe kuwa ukimya. Kasoro iliyofichwa leo itajirudia kesho kwa mgonjwa mwingine.

Ni kweli kwamba mfumo haununui dawa wala hauajiri wauguzi. Hata hivyo, hulinda kile kidogo tulicho nacho kisipotee kwa uzembe.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika Waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, alifundisha kwamba wanaowahudumia wanaoteseka wanahitaji kwanza utaalamu, kisha moyo unaomwona mtu. Upole hauwezi kuziba pengo la kazi iliyofanywa ovyo.

Basi, waamini tulio katika bodi na kamati za vituo vyetu, tusitosheke na kuuliza tumepata nyota ngapi. Tuulize ni kasoro gani iliyotajwa mwezi huu, nani aliitaja, na ni nini kilichobadilika.