Karatasi inasema una uvimbe? Bado hujamaliza kupimwa

Chukua mfano wa mama wa miaka 43 anayeuza viazi Uyole, jijini Mbeya. Kwa miezi saba sasa hedhi yake haieleweki. Inakuja nzito, inakaa siku kumi, inakatika, kisha damu inaonekana tena kidogo kila anapokutana na mumewe. Siku moja anafunga genge mapema, anakwenda kupiga picha ya tumbo. Analala kitandani, anapakwa jeli, na baada ya dakika chache anatoka na karatasi. Kwenye karatasi hiyo kuna neno moja tu analolielewa: uvimbe.

Anamwonyesha shoga yake. Anaambiwa, "Hata mimi ninao, usiogope, kuna dawa ya mizizi inauyeyusha." Anainywa kwa miezi minne. Damu haikomi.

Picha ya mama huyu ilikuwa ya kweli. Uvimbe upo. Lakini damu ilikuwa inatoka kwingine, kwenye mlango wa kizazi, ambako hakuna aliyemwangalia.

Huyu ni mama wa mfano, lakini kama unaishi Mbeya au Iringa, huenda unamfahamu mmoja wa aina yake. Ndiyo maana wiki hii nataka kukuambia jambo moja: neno "uvimbe" si jina la ugonjwa, na karatasi ya ultrasaundi peke yake si jibu. Mwanamke anayetoka damu isiyo ya kawaida hajapimwa mpaka mlango wake wa kizazi uwe umeangaliwa kwa macho.

Neno moja, magonjwa mengi

Kizazi ni mfuko wa misuli. Ukitaka kukiona akilini, chukua parachichi dogo la Rungwe uligeuze, upande mwembamba uwe chini. Upande mpana ndiyo nyumba ya mtoto. Upande mwembamba unaochungulia ukeni ndiyo mlango wa kizazi.

Mahali hapo padogo panaweza kuota vitu vingi. Faibroidi ni uvimbe wa misuli ya kizazi. Si saratani, na ni nadra sana kukuta saratani mahali palipodhaniwa ni faibroidi. Polipu ni kinyama laini kinachoota kwenye ukuta wa ndani au mlangoni. Adenomaiosisi ni hali ya ukuta wa ndani kupenya katikati ya misuli, kizazi kikavimba chote na hedhi ikaja na maumivu makali. Mimba zabibu ni mimba isiyo na umbile la kawaida, ambayo nayo huleta damu na tumbo kukua haraka. Kuna uvimbe wa maji kwenye ovari, ambao hauko kwenye kizazi kabisa ingawa mitaani nao huitwa "uvimbe wa kizazi". Na kuna saratani za aina mbili: ya ukuta wa ndani na ya mlango wa kizazi.

Yote haya yanaweza kuitwa uvimbe. Matibabu yake hayafanani hata kidogo. Mwingine anahitaji kuangaliwa tu, mwingine vidonge, mwingine upasuaji, mwingine mionzi. Kwa hiyo mtu akikuambia "una uvimbe" akanyamaza, amekuanzishia hadithi na kuiacha njiani.

Aliyekutwa eneo la tukio si lazima awe mwizi

Faibroidi ni za kawaida mno. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wanakuwa wamepata faibroidi wanapofikia miaka 50. Wengi wao hawana dalili yoyote wala hawajui kama wanazo.

Tafakari maana yake. Ukichukua wanawake wa miaka 45 wanaouza sokoni Mwanjelwa ukawapiga picha wote, wengi utawakuta na uvimbe hata kama hedhi zao ni nzuri. Sasa mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi naye anaweza kuwa na faibroidi kama wenzake. Akipigwa picha, faibroidi inaonekana upesi. Saratani iliyo changa haionekani, kwa sababu ultrasaundi haikutengenezwa kuona mabadiliko madogo ya ngozi ya mlango wa kizazi. Faibroidi inabebeshwa lawama, na mgonjwa halisi anaendelea kukua kimyakimya.

Kinachoonyesha kwamba faibroidi ndiyo inayoleta damu ni mahali ilipo na dalili zako. Iliyosukuma ukuta wa ndani wa kizazi huleta damu nyingi hata ikiwa ndogo. Iliyoota upande wa nje inaweza kuwa kubwa bila kuongeza hedhi, ikabana kibofu ukawa unakwenda haja ndogo kila mara, au ikakuletea choo kigumu. Na faibroidi kwa kawaida huzidisha damu ya hedhi. Damu ya baada ya tendo la ndoa, au inayotoka wakati hedhi ilishakoma mwaka mzima au zaidi, usiisingizie faibroidi mpaka sababu nyingine zimetafutwa.

Kwa nini nasisitiza kwa mikoa hii

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake Tanzania. Inasababishwa na kirusi cha HPV. Mwili wenye kinga nzuri mara nyingi hukiondoa kirusi hiki wenyewe. Mwanamke anayeishi na VVU hukiondoa kwa shida, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani uwezekano wake wa kupata saratani hii ni mara sita ya mwanamke asiye na VVU.

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Iringa ilikuwa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6. Sisemi haya kumnyooshea mtu kidole. Nasema kwa sababu, kwa hesabu hiyo, mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini ndiye wa mwisho kuruhusiwa kuondoka na karatasi ya tumbo bila mlango wake wa kizazi kuangaliwa. Shirika hilo linashauri wanawake wote waanze uchunguzi wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na VVU waanze wakiwa na miaka 25, hata kama hawana dalili. Kama unachukua dawa CTC na hujawahi kuchunguzwa, uliza siku ya kliniki yako ijayo.

Uchunguzi uliokamilika ukoje?

Kwanza ni maelezo yako. Hedhi ya kawaida hurudi kila baada ya siku 24 hadi 38 na haizidi siku 8. Mwambie mhudumu kama unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, kama unatoa mabonge makubwa, kama unaamka usiku kubadilisha nguo, au kama damu inatoka baada ya tendo la ndoa. Andika tarehe kwenye simu au nyuma ya kalenda. Kumbukumbu ya miezi mitatu inamsaidia daktari kuliko "inatoka sana".

Pili ni kipimo cha mimba, hata kama una uhakika huna. Tatu ni wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito mwenye chini ya gramu 12 ana upungufu wa damu, na wengi wamezoea kuchoka, moyo kwenda mbio na kuhema wakipanda kilima, wakidhani ni umri.

Nne ndiyo inayorukwa: mhudumu anaweka kifaa cha kufungulia uke, anamulika taa, anautazama mlango wa kizazi na kuupaka siki. Ngozi iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Inachukua dakika chache, na mabadiliko machanga yanaweza kutibiwa bila kulazwa. Huduma hii haihitaji mashine kubwa, na kituo cha afya kinaweza kuitoa.

Tano ni ultrasaundi, ya tumbo au ya kupitia ukeni. Sita, kwa wanaohitaji, ni kuchukua kinyama kidogo kupeleka maabara. Kama una miaka 45 au zaidi na hedhi imevurugika, au unatoka damu baada ya ukomo wa hedhi, kipimo hiki cha ukuta wa ndani kiulizie wazi. Picha haiwezi kusema hii ni saratani au siyo. Maabara ndiyo inayosema.

Kituo chako kikishindwa, omba barua ya rufaa. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kitengo chake cha wazazi cha Meta. Iringa kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na zipo pia Tosamaganga na Ilula. Usisubiri mpaka safari iwe ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kwa wiki kadhaa za mionzi.

Mzazi, huyu ni binti yako

Si kila tatizo la kizazi ni la mama mtu mzima. Kizazi cha mtoto akiwa tumboni huundwa na mirija miwili inayoungana. Isipoungana vizuri, msichana huzaliwa na kizazi chenye pembe mbili au chenye ukuta katikati. Wengi huishi bila kujua. Wengine hugundua mimba zinapoharibika mara kwa mara. Hali hiyo si laana wala kosa la mtu.

Lipo jingine linaloumiza zaidi kwa sababu ya hukumu zetu. Msichana wa miaka 14 ana maziwa yaliyokua, lakini hajaona hedhi. Kila mwezi anaumwa tumbo siku mbili tatu, kisha linapoa. Baadaye tumbo la chini linajaa na haja ndogo inakuwa shida. Shuleni wanaanza kunong'ona kuwa ana mimba. Nyumbani anahojiwa, pengine anachapwa. Kumbe ngozi inayofunika uke haikuwa na tundu, na damu ya hedhi za miezi mingi imejikusanya ndani. Upasuaji mdogo unamaliza tatizo.

Binti anayeumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu mpeleke hospitali sasa. Asiyepata hedhi hadi miaka 15 apelekwe pia, hata kama haumwi. Na aliyeanza hedhi nzito tangu ya kwanza, akipungukiwa damu, asiambiwe "utazoea". Baadhi huwa na tatizo la damu kuganda. Wakati huohuo, hakikisha amepata chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Najua mnachoogopa

Wengi hawaendi kwa sababu wanaamini mwisho wa uvimbe ni kutolewa kizazi. Si kweli. Faibroidi isiyo na dalili huangaliwa tu, na nyingi husinyaa baada ya ukomo wa hedhi. Zipo dawa za kupunguza damu, ipo njia ya uzazi wa mpango yenye homoni inayowekwa ndani ya kizazi, na upo upasuaji wa kutoa faibroidi na kukiacha kizazi. Kukitoa ni uamuzi wako baada ya kuelezwa. Lakini hakuna dawa ya mizizi iliyothibitishwa kitabibu kuyeyusha faibroidi, na dawa za kuweka ukeni "kusafisha kizazi" zinaweza kukuunguza na kukuletea maambukizi.

Wengine wanaona haya kupanda kitanda kile. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, au ndugu yako akae nawe ndani. Nanyi akina baba, nauli ya kwenda hospitali kabla ya mavuno ni ndogo kuliko gharama ya kuuguza baada yake.

Nasi tunaotoa huduma tujisahihishe. Tumezoea kumpa mama karatasi yenye maneno ya kigeni, tukaita mwingine. Kumwandikia mwanamke anayetoka damu picha ya tumbo bila kumwangalia mlango wa kizazi ni kazi nusu.

Kwa hiyo ukishikishwa karatasi hiyo, usinyanyuke. Uliza: Uvimbe huu ni wa aina gani? Uko sehemu gani na una sentimita ngapi? Mna uhakika gani kwamba ndio unaoleta damu yangu? Damu yangu ni gramu ngapi? Na mlango wangu wa kizazi, mmeuangalia?

Likijibiwa "hapana" hilo la mwisho, omba uangaliwe siku hiyohiyo, au uandikiwe ni wapi na lini utaangaliwa. Karatasi itunze, lakini usiende nayo kwa muuza mizizi. Rudi nayo kituo cha afya.