Kichaa Haanzi kwa Kuokota Makopo

Tunao usemi wetu, na tumeupenda mno. Mtu akikosea jambo dogo tu, tutamwambia: "Wewe sasa umebakiza kuokota makopo." Nasi hucheka. Mimi pia nimecheka, tena sana, hadi mdogo wangu alipougua. Tangu hapo nina ugomvi na usemi huo, na naomba msomaji aniruhusu niutoe hadharani.

Ugomvi wangu ni huu: usemi huo unatufundisha kuutambua ugonjwa ukiwa mwishoni. Unatuambia kwamba mgonjwa wa akili ni yule wa sokoni, nywele zimesokotana, mfuko wa matambara begani. Basi aliye nyumbani, anayekula nasi sahani moja, hawezi kuwa mgonjwa. Tunangoja makopo.

Mdogo wangu hakuokota kopo hata moja. Alikuwa na miaka 19. Kwanza aliacha mpira. Kisha akaacha rafiki zake, akawa anashinda chumbani, dirisha limefungwa. Kijana aliyekuwa hatoki bila kupiga shati pasi, sasa alikaa juma zima na nguo moja. Sisi tukamwita mvivu. Baba akamwita jeuri. Usiku alikuwa akizungumza; tukasema anaota. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, kwa nini mtangazaji wa redio ananisema mimi?" Nikamcheka. Miaka mingi imepita, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Niliyokuja kuyajua baadaye nilipaswa kuyajua siku ile. Ugonjwa uitwao skizofrenia huanza mara nyingi kati ya miaka 15 na 30. Zipo dalili zake zinazopiga kelele: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kushikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuiondoa, kama vile kwamba majirani wanamwinda, na kusema maneno yasiyofuatana. Zipo pia za kimya: uso usioonyesha furaha wala huzuni, maneno kupungua, hamu ya kazi na ya watu kutoweka. Hizi za kimya mara nyingi ndizo hutangulia, na ndizo tunazoziita uvivu na kiburi. Wala si ugonjwa wa "mtu mwenye nafsi mbili", kama wengi wanavyodhani.

Tena si kila asikiaye sauti ana skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, kaswende iliyokaa muda mrefu bila tiba, bangi au pombe vyaweza kumfikisha mtu hapo hapo. Ndiyo maana nasema mgonjwa apimwe, asikisiwe.

Sisi tulikisia. Tukasema amerogwa. Wazee walipotaja hospitali, mjomba akakataa katakata: "Kule ni kwa vichaa, huyu si kichaa." Akapelekwa kwa mganga, akafungwa kamba kwenye mwembe kwa miezi minne. Alama za kamba zimo vifundoni mwa miguu yake hadi leo. Ugonjwa haukuziacha alama hizo. Tuliziacha sisi tuliompenda.

Wapo watakaosema kwamba nadharau sala. La hasha! Mama alimwombea kila alfajiri, na maombi yale yaliwafariji wote wawili. Lakini mwenye kisukari huombewa na bado akachomwa sindano yake; kwa nini mgonjwa wa akili aambiwe achague? Dawa zipo tangu miaka ya 1950. Sitaficha kwamba hazimfai kila mtu sawasawa, na nyingine huleta usingizi, unene au mtetemeko. Hayo aambiwe daktari abadilishe, dawa zisitupwe chooni. Mdogo wangu alipoanza kuzitumia, sauti zilififia baada ya majuma machache. Leo analima mchicha na kuuza mwenyewe. Ana siku nzuri, na ana siku mbaya.

Katika siku hizo mbaya bado huniuliza juu ya redio. Sibishani naye, wala simdanganyi. Humwambia: "Mimi sisikii hivyo, mdogo wangu, lakini naona inakutisha. Twende kliniki pamoja." Maneno hayo hayagharimu kitu. Ningeyasema mara ya kwanza aliponiuliza, mwembe ule usingemjua.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako kuna kijana aliyejifungia, usingoje makopo. Mgongee mlango leo.